Barua ya wazi kwenu mnaofundisha watoto mpira wa kikapu

Wanangu makocha, shikamoo zenu nimezipokea, sasa mnisikilize mzee wenu maana Jumamosi nimerudi nyumbani na hasira mpaka chai imenishinda.

Nilikuwa nimekaa kwenye zile ngazi za simenti, zimebaki sekunde chache, dogo wa kama miaka 13 kapoteza mpira, timu ikafungwa. Kocha wake akamfokea mbele ya mama yake, akamwambia vua jezi hapohapo. Mtoto kavua, mikono inamtetemeka, halafu akaikunja ile jezi vizuri kabisa, kama anayeirudisha kabatini, akaiweka kwenye ngazi akaondoka. Hiyo kuikunja ndo iliyonimaliza.

Hivi mnamjua Krešimir Ćosić? Mkroatia, kazaliwa Zagreb 1948, kakulia Zadar, jitu la zaidi ya mita mbili na bado anadunda na kutoa pasi kama wale wafupi wanaoongoza mchezo. Kasoma Marekani pale chuo cha Brigham Young, timu za ligi kubwa ya kule, NBA, zikamtaka, Portland wakamchagua 1972, Lakers wakamchagua 1973, kote akakataa akarudi zake Zadar kucheza kwao. Dhahabu ya Olimpiki anayo, ya Moscow 1980, ubingwa wa dunia mara mbili, zote na Yugoslavia maana enzi hizo Kroatia ilikuwa humo.

Ila leo medali sizitaki, nataka 1986, Madrid, nusu fainali ya ubingwa wa dunia, yeye ndo kocha wa Yugoslavia. Wanawaongoza Wasovieti kwa pointi tisa na dakika moja haijabaki. Wasovieti wakatupia ya pointi tatu, wakatupia nyingine, sasa mpira anao dogo wa miaka 18, Vlade Divac, kazi yake ni kuutunza tu basi, yeye akadunda akashika akadunda tena, dabo, kosa hilo! Mpira wakapewa Wasovieti, Valters wao akapiga ya pointi tatu, ngoma sare, kwenye dakika za nyongeza Yugoslavia wakalala 91 kwa 90. Fainali imeyeyuka mbele ya dunia nzima.

Nyie mngemfanya nini? Semeni ukweli. Mwaka uliofuata Ćosić akaenda Athens kwenye ubingwa wa Ulaya na Divac huyohuyo, na madogo wengine akina Kukoč na Rađa, wakarudi na shaba. 1989 Divac yuko Lakers, walewale aliowakataa kocha wake.

Na sisi wazazi tusijifiche, kocha akibwata tunasema huyo ndo mkali, huyo anajua kazi, yule mpole tunamwita lege lege tunamhamisha mtoto. Tunavuna tulichopanda.

Mengine nayataja tu. Wahini mazoezini kabla ya watoto. Maji yawepo. Mtoto mrefu msimsimamishe chini ya goli kama nguzo, mfundisheni kudunda.

Ćosić hakuzeeka, alifariki Baltimore 1995 ana miaka 46, alikuwa kashaingia kwenye ubalozi wa nchi yake mpya kule Washington. Mimi nimepewa miaka mingi kuliko yeye, ndo maana nasema.

Ile jezi niliiokota, iko kwangu, mama watoto kaifua na kuipiga pasi. Kocha mhusika unajijua, pita uichukue, halafu uipeleke mwenyewe kwao na dogo kabla ya mazoezi ya Jumatano. Usimtume mtu.