Asanteni sana mliotusindikiza kwenye kumbukumbu ya baba yetu, rubani wa vita vya Kagera

Wakubwa shikamooni, na wadogo tunawasalimu wote.

Sisi watoto na wajukuu wa marehemu baba yetu, aliyekuwa rubani wa JWTZ na akafariki akiwa kazini mapema 1979, tunawashukuru wote mliofika nyumbani Mwanza kwenye misa ya kumbukumbu na kuweka jiwe jipya kaburini. Kusema kweli hatukutegemea watu watajaa vile, turubai likazidiwa na viti tukaishia kuazima kwa majirani. Asante padri na kwaya, asanteni majirani zetu Waislamu mliokuja na dua yenu jioni, akina mama wa jumuiya mliokesha jikoni, na nyie wa mbali mliotuma michango kwa simu. Hatuwezi kumtaja kila mtu jamani, Mungu anawajua.

Ila shukrani ya pekee, na wengine mtusamehe, inaenda kwa wazee wetu wastaafu wa jeshi, hasa nyie mliokuwa mafundi wa ndege. Mana sisi tumekua tukimjua baba kwa ile picha ya ukutani tu, mama alikuwa haongei sana habari zake na sisi tukaogopa kumuuliza. Sasa mzee mmoja akasimama akasema baba alisomea urubani China kama vijana wenzake wengi wa kipindi kile, aliporudi kambi ya ndege ya Ngerengere akawa anawasalimia mafundi Kichina mpaka wanamkimbia, alafu kabla ya kupanda lazima aizunguke ndege mwenyewe akishika hiki na kile hata kama fundi kashamwambia iko sawa, wao wananuna, ila akishuka anawagawia sigara yanaisha. Tulicheka mpaka padri naye akacheka. Huyo baba anayesumbua mafundi hatukuwahi kuambiwa habari zake.

Na kingine mlichotusaidia ni kwamba ukitaja vita vya Kagera watu wanakumbuka askari wa miguu, daraja la Kyaka lililolipuliwa na ile mizinga ya roketi iliyoitwa saba saba, na ni haki yao kukumbukwa, lakini tumeshaulizwa sana kwani Tanzania ilikuwa na ndege? Ilikuwa nazo, MiG za kutoka China, hazikuwa nyingi na marubani wenyewe walikuwa wa kuhesabu, ndo mana wazee wale hadi leo wanawataja mmoja mmoja kwa majina na vituko vyao. Wajukuu walikaa wanawasikiliza mpaka chakula kikapoa.

Bibi jirani yetu wa zamani, asante sana bibi yetu. Alitusimulia ile siku ya tarehe 29 Machi 1979, ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Idi Amin wa Uganda tuliyekuwa tunapigana naye ilipokuja kulenga matenki ya mafuta hapa Mwanza ikakosa, mabomu yakaangukia Saanane, kile kisiwa cha hifadhi, yakaua wanyama. Anasema watu walikuwa wanaogopa huku wanacheka, mama peke yake hakucheka, alikuwa bado mbichi kwenye msiba, alisimama uwanjani anaangalia juu na hakutaka kuingia ndani hata alipoitwa. Alafu Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili na redio ikatangaza, sisi siku zote tulidhani mama alijifungia ndani akalia. Kumbe alitoka! Alitoka na kanga begani akaenda barabarani kushangilia na wenzake mpaka sauti ikakauka. Yaani hilo limetufariji kuliko maneno yote tuliyoambiwa siku ile, na dada yetu mkubwa bado analirudia kwa kila anayepiga simu.

Mwenye picha za zamani zinazomwonyesha baba, hata kama yuko nyuma nyuma huko kwenye kundi, tunaomba asituletee ile yenyewe, apige tu picha kwa simu atutumie, tunataka kuwatengenezea wajukuu albamu. Wazee wa ufundi nyie msichoke, tutawafuata nyumbani kwenu kurekodi hayo mengine, na yale mliyosema hayafai mbele ya padri pia tunayataka.

Alafu kuna fimbo nyeusi imesahaulika chini ya turubai, mwenyewe aje aichukue au atuambie tumpelekee. Mungu awabariki sana.