Msitulaumu tunaporudisha kichupa cha damu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowaudhi wagonjwa wengi, nalo ni pale sisi wa maabara tunapokirudisha kichupa cha damu na kuagiza mgonjwa achomwe sindano upya. Wengi huona ni uzembe wetu, na siku nyingine huenda ni kweli, ila kwa vipimo vya kuganda kwa damu mara nyingi tunakataa kwa sababu jibu ambalo tungelitoa lingekuwa la uongo.

Kichupa kinachohusika ni kile cha kizibo cha buluu, ambacho ndani yake mna maji kidogo ya sodiamu sitreti, kwa kawaida ya asilimia 3.2. Kazi yake ni kuishika kalisiamu iliyomo kwenye damu, kwa kuwa bila kalisiamu damu haigandi. Hesabu yake ni sehemu 9 za damu kwa sehemu 1 ya sitreti. Huku maabara tunakizungusha kwenye mashine, tunachukua plazma, yaani majimaji ya damu yaliyojitenga juu, tunaipasha joto hadi nyuzi 37 za Selsiasi, kisha tunaongeza kitendanishi (kemikali ya kuanzisha kuganda) na kalisiamu na kuhesabu sekunde hadi bonge lianze kufanyika. Kichupa kikijazwa nusu, sitreti huzidi na kuidaka hata kalisiamu tuliyoiongeza sisi wenyewe, hivyo sekunde zinarefuka ilhali damu ya mgonjwa haina kasoro yoyote. Kati ya vipimo viwili vya kuhesabu sekunde hizo, kile cha aPTT, ambacho hutumika kuwafuatilia wanaopewa heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, huyumba mapema zaidi kuliko kile cha PT.

Anayeweza kuumia ni mtu kama yule mwenye vali bandia ya moyo, anayemeza kila siku warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda. Jibu lake hutolewa kwa INR, namba inayokokotolewa kutokana na sekunde za PT (ikipanda, damu inachelewa zaidi kuganda), utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliupitisha mwaka 1983 kwa kuwa thromboplastini (kitendanishi cha PT) za watengenezaji mbalimbali hazina ukali mmoja, na sekunde za maabara moja zilikuwa hazilingani na za nyingine. Kwa wagonjwa wengi wa warfarini shabaha ni kati ya 2 na 3, ingawa baadhi ya wenye vali bandia huhitaji zaidi kidogo. Sasa INR iliyo 2.5 ikisomeka 3.8 kwa sababu ya kichupa kilichopungua, daktari atapunguza dozi, na bonge litapata nafasi ya kujijenga kwenye vali. INR husawazisha tofauti za vitendanishi. Kosa lililofanyika kwenye mkono wa mchukua damu haiwezi kulifuta.

Nimewahi hata kupokea kichupa cha buluu kilichojazilizwa kwa damu iliyomiminwa kutoka kichupa cha zambarau, eti kisirudishwe! Dawa iliyomo kwenye kile cha zambarau nayo hufunga kalisiamu, tena kwa nguvu, kwa hiyo damu ile haikuwa na la kutuambia.

Ombi langu kwa wenzetu wa wodini ni kwamba kichupa kijazwe hadi kwenye alama, kigeuzwe taratibu mara 3 au 4 bila kutikiswa, na kwenye fomu iandikwe kama mgonjwa anatumia warfarini au heparini. Mgonjwa naye asione haya kuuliza, kabla hajafungwa pamba, iwapo damu yake imefika kwenye alama hiyo.

Mteknolojia wa maabara