Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Kilimo Hai kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mkulima Shambani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na kijiji, maofisa ugani, wazee wetu, wanakikundi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama kijijini kwetu, hapa mwambao wa Ghuba ya Speke katika Ziwa Victoria, hasa tukikumbuka barabara uliyopita. Tumeambiwa utakuwa nasi dakika 40. Risala tumeipima kwa saa ya mwalimu, haitazidi dakika nane.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2016 chini ya mwembe huu huu, kikiwa na wanachama 11: akina mama tisa na akina baba wawili, mmoja wao mume wa mwenyekiti. Leo tuko 34. Yaliyotokea hapo katikati yamo kwenye daftari la kikundi, hatutakuchosha nayo.

Mafanikio yetu, Mheshimiwa, ni makubwa mno. Tumeshiriki Nanenane viwanja vya Nyamhongolo mara mbili, na mara zote banda letu lilifurika watu. Tumenunua viti 50 vya plastiki, ndivyo hivi vilivyokaliwa, ukiacha vya meza kuu ambavyo tumeazima kanisani. Na gugu maji, linalowatesa wavuvi wetu, tumeligeuza kuwa mboji. Tunaliopoa ziwani na kulianika kwenye turubai mpaka likatike mkononi kama tumbaku, maana likitupwa bichi jirani na majaruba ya mpunga linaota upya. Kisha tunalipanga kwa matabaka pamoja na samadi, majani na majivu, na katikati ya lundo tunachomeka fimbo. Siku ya tano ukiichomoa ikakuunguza kiganja, lundo linaiva. Ikitoka baridi, pindua, mwagia maji, anza tena. Wageni waliotangulia wote wamepiga picha wakiwa wameshika koleo mbele ya lundo hilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tuingie kwenye ombi. Kwa desturi risala huwa na maombi matano au sita. Sisi tulikuwa na saba. Kamati ilikaa ikafuta sita, likiwamo la pampu ambalo wanachama walililia sana, ili hili moja lisipate pa kujificha. Tunaomba sheria ndogo ya kijiji chetu, ya kulinda mashamba yaliyovunwa yasiingiliwe na mifugo, iidhinishwe na halmashauri.

Utaniruhusu nieleze kidogo. Katika kilimo chetu, mahindi yakishavunwa mabua hatuyachomi, yanabaki shambani kuwa matandazo, yaani kifuniko cha udongo. Kati ya mistari tunapanda fiwi na marejea, mimea ya jamii ya kunde, yafunike ardhi kiangazi chote na kuirudishia naitrojeni. Udongo wetu mwingi ni luseni, kichanga kitupu. Ukiuacha wazi unachemka juani, na mvua ya kwanza ya vuli inauteremsha wote. Ndiyo maana ukipita huku mwezi Novemba unaona ukingo wa ziwa umekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Chai hiyo ni shamba la mtu.

Juni mwaka huu mama mmoja, mwanachama wetu, alitandaza mabua kwenye ekari yake. Kazi hiyo ilimchukua siku nne, yeye na wajukuu zake. Siku ya tano asubuhi wakapita ng'ombe wakishuka ziwani kunywa maji. Saa tatu ilipofika fiwi lilikuwa limeliwa hadi shina, mabua yamekwisha, na kwato zimeshindilia udongo ukawa kama sakafu. Alipomfuata kijana mchungaji, kijana hakumtukana. Alimjibu kwa adabu kabisa: "Mama, shikamoo. Nionyeshe sheria." Mama akarudi nyumbani.

Tusieleweke vibaya. Wengi wetu hapa ni Wasukuma, ng'ombe tunao, na samadi haishuki kutoka mbinguni. Ni kweli kwamba kwa desturi ya wazee wetu shamba likishavunwa huwa malisho ya wote. Lakini wazee hao hao ndio waliotenga ngitili, yaani malisho ya akiba, wakayafunga malisho masika ili yafae kiangazi, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Wenzetu wa Shinyanga waliifufua ngitili kupitia mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986. Kwa hiyo anayesema tumefundishwa na wafadhili kuwachukia ng'ombe, tunamwomba akawaulize wazee.

Rasimu yetu ina ukurasa mmoja na nusu. Inasema shamba lenye matandazo lifungwe mpaka mwenyewe aruhusu. Njia ya mifugo kwenda ziwani iwekewe alama, upana hatua 30. Na atakayekiuka alipe faini. Mkutano mkuu wa kijiji uliipitisha mwaka 2021, wafugaji wakiwamo. Hiyo njia ya mifugo ni wao walioipendekeza. Kata nayo ikaridhia. Lakini kama ujuavyo, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, sheria ndogo ya kijiji haina nguvu mpaka halmashauri ya wilaya iidhinishe. Mara ya kwanza ilirudi kwa kukosa mhuri. Tukagonga mhuri. Mara ya pili ikaonekana muhtasari wa mkutano umeandikwa kwa mkono. Tukachapa. Mara ya tatu tuliambiwa jalada liko kwa mwanasheria, na mara ya nne kwamba mwanasheria amehamishwa. Jalada halikuhama naye, tuliuliza.

Agosti 2022 mgeni rasmi wa siku hiyo alituahidi siku 90. Tulipiga vigelegele, tukamzawadia sato wawili. Mwaka 2023 mgeni mwingine alisema ameshaongea na wahusika. Mwaka jana alikuja mwakilishi, akasema atafikisha salamu. Hatumlaumu mtu, kazi za uongozi ni nyingi, ingawa sato nao tulinunua.

Serikali yetu sikivu ina Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa mwaka 2023 hadi 2030. Tumeupokea kwa furaha. Mkakati huo mzima umetoka Dodoma ukatufikia hapa ufukweni, wakati ukurasa wetu mmoja na nusu haujamaliza safari ya kwenda wilayani na kurudi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakala ya rasimu, iliyochapwa sasa kwa mara ya tano, imo kwenye bahasha ya kaki aliyoshika mweka hazina. Tunaomba iingie kwenye ajenda za kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na utakaposimama kuzungumza ututajie tarehe ya kikao hicho. Katibu msaidizi yuko kulia kwako. Ameshaandika kichwa cha habari kwenye daftari, na nafasi ya tarehe ameiacha wazi.

Naomba kuwasilisha.