Ozoni si dawa ya pumu, KEBS iangalie hizi mashine

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu hizi mashine za kusafisha hewa zenye zimejaa Nairobi siku hizi, ukienda maduka ya umeme ya Luthuli utazipata, ukifungua simu matangazo ni hayo hayo. Sina shida na mashine ya kusafisha hewa, tena kwa huu moshi wetu wa matatu na takataka za kuchomwa tunazihitaji. Shida yangu ni zile zimeandikwa kwa boksi ati zinatoa ozoni na ayoni hasi (chembe za hewa zenye chaji ya umeme), halafu muuzaji anamwambia mzazi mwenye mtoto wa pumu aiwashe usiku kucha karibu na kitanda. Hiyo ni hatari, na wenye kazi ya kuisema, kama KEBS, shirika la viwango vya bidhaa hapa Kenya, wamenyamaza.

Watu wengi wakisikia ozoni wanafikiria kitu kizuri juu ndivyo tulifundishwa shule, kwamba tabaka la ozoni linatukinga na miale mikali ya jua. Ni kweli kabisa. Hata sekretarieti ya ule Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda hilo tabaka iko hapa hapa Gigiri, kwa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Lakini hiyo ozoni iko mbali sana huko juu, kati ya kilomita kama 15 na 35, hakuna mtu anaivuta. Ikishuka kwa pua yako ni sumu. Ni oksijeni yenye atomu tatu badala ya mbili, na hiyo ya tatu haitulii, inataka kushika kitu chochote kilicho karibu, kwa hivyo ikiingia kifuani inachokoza njia za hewa, koo linawasha, unakohoa, kifua kinabana. Mwenye pumu ndiye anaumia wa kwanza. Watengenezaji wa tairi wanaweka kemikali maalum kwa mpira ili ozoni isiupasue, na hapo ni ile kidogo tu iliyo kwa hewa ya nje. Sasa mapafu ya mtoto nayo?

Dadangu aliuziwa moja. Mpwa wangu ana pumu tangu akiwa mdogo na mamake angenunua chochote cha kumsaidia, na muuzaji alijua hivyo. Baada ya muda mtoto akawa anakohoa usiku kuliko zamani, inhela inaisha haraka, na chumba kina harufu kali kama ya pale fundi anachomelea vyuma. Nikachukua ile karatasi ya maelezo nikasoma. Imeandikwa wazi kwamba inatoa ozoni miligramu 400 kwa saa. Wacha tupige hesabu pamoja. Kiwango ambacho sheria ya Marekani inaruhusu kwa vifaa vya matibabu vya ndani ya nyumba ni sehemu 0.05 kwa milioni, hiyo ni kama miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo. Chumba cha mtoto cha mita tatu kwa tatu na dari ya kawaida kina kama mita za ujazo 24, kwa hivyo miligramu mbili na nusu hivi zinatosha kufikisha hicho kiwango chumba kizima. Mashine ya miligramu 400 kwa saa inatoa hizo chini ya nusu dakika. Ni kweli ozoni inavunjika haraka ikigusa kuta na nguo, lakini mashine nayo haichoki, inaendelea mpaka asubuhi na madirisha yamefungwa juu ya baridi. Tuliichomoa kwa soketi siku hiyo hiyo.

Muuzaji atakuambia ati inaua viini. Inaua ndiyo, huko Nice Ufaransa walianza kusafisha maji ya mji kwa ozoni mwaka wa 1906 na hadi leo ni njia nzuri, lakini hayo ni maji, ozoni inamaliza kazi na kuisha kabla hujafungua mfereji. Kwa hewa ya nyumba mambo ni tofauti. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limesema wazi kwamba ozoni ikiwa kwa kiwango ambacho mtu anaweza kuvuta salama ina uwezo mdogo sana wa kusafisha hewa, na ili iue bakteria na kuvu lazima ipite hicho kiwango mara nyingi. Yaani ikiwa kidogo haisaidii na ikiwa nyingi inakuumiza. Wanaoondoa harufu ya moshi kwa nyumba iliyoungua huitumia, sawa, lakini nyumba ikiwa haina mtu, wala paka, halafu wanafungua madirisha kabla ya watu kurudi.

Kitu kingine ambacho hakisemwi ni sabuni. Sisi tunapenda kupiga deki na sabuni yenye harufu ya limau, na ile harufu ikikutana na ozoni inazaa fomaldehaidi, ile dawa ya mochari, pamoja na vumbi dogo kabisa lisiloonekana kwa macho. Kwa hivyo mashine ya kusafisha hewa inachafua hewa, kwa nyumba ambayo mama amemaliza kuisafisha vizuri. Na usitegemee pua ikuonye, juu pua inaizoea ile harufu, ukikaa nayo unaona kama imeisha.

Sasa tuje kwa ayoni. Hizi nazo ni molekuli za hewa zilizopewa elektroni moja zaidi. Dukani wanafanya onyesho moja, pengine umeliona: wanaweka mashine chini ya gilasi kubwa, wanajaza moshi ndani, wanabonyeza swichi na moshi unapotea pale pale, watu wanashangaa, pesa zinatoka. Siku nyingine muombe muuzaji upitishe kidole ndani ya hiyo gilasi. Kitatoka na masizi. Ayoni zinaupa moshi chaji, nao unakimbilia kushika kwa ukuta wa gilasi. Nyumbani utashika kwa ukuta, pazia, meza, na mwingine kwa mapafu yako, na mtu akifagia au akipiga pazia unarudi hewani. Mashine isiyo na filta wala sahani ya kunasa hilo vumbi inalihamisha tu. Tena zingine, hata kama hazijaandikwa ozoni, zinatoa ozoni kidogo wakati zinatengeneza hizo ayoni.

Kuhusu ati ayoni zinaleta furaha na usingizi, hapa nitasema ukweli wote. Mjerumani Philipp Lenard alieleza mwaka wa 1892 jinsi maji yanayoanguka yanavyopeana chaji kwa hewa, kwa hivyo ukisimama pale chini ya maporomoko ya Nyahururu ayoni ziko. Na kuna majaribio yaliyoonyesha kwamba ayoni nyingi sana ziliwasaidia watu wa nchi za baridi wenye huzuni ya msimu wa giza. Lakini mwaka wa 2013 watafiti walikusanya majaribio ya miaka mingi wakayapima pamoja, na kwa usingizi, wasiwasi na utulivu hawakupata faida ya kutegemewa, faida ilionekana kwa huzuni peke yake na kwa ayoni za wingi mkubwa. Mtu akikuuzia kimashine cha kuchomeka ukutani ati kitatoa stresi za kazi na foleni ya Jogoo Road, muulize ni jaribio gani. Na hizo mikufu na bangili za ayoni usiguse kabisa. Disemba 2021 mamlaka ya nyuklia ya Uholanzi ilipima bidhaa kadhaa za aina hiyo ikakuta zina mionzi, ikaambia watu waache kuzivaa. Hapa kwetu watu wanavalisha watoto.

Kama una pesa, tafuta mashine ya filta ya HEPA isiyo na ozoni, hiyo inanasa asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa mikroni 0.3 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na ubadilishe filta ikijaa. Kama huna, anza na kinachochafua: jiko la makaa litoke nje, na ile dawa ya mbu ya mviringo uiache utumie neti, juu utafiti wa 2003 ulipata kwamba moja ikiungua yote inatoa vumbi laini sawa na la sigara 75 hadi 137. Neti haitoi moshi.

California tangu 2010 hairuhusu kuuza mashine ya kusafisha hewa ya nyumbani inayotoa ozoni kupita sehemu 0.05 kwa milioni, na kila moja lazima ipimwe na iwe na cheti kabla ya kufika dukani. Nauliza KEBS kupitia gazeti hili, hizi zinazoingia kwa kontena pale Mombasa zinapimwa ozoni na nani? Kama kuna kiwango, kichapishwe tukione na kiandikwe kwa boksi kwa Kiswahili. Kama hakuna, kiwekwe, na hadi hapo zile za kutoa ozoni makusudi zisiuzwe kama kifaa cha chumba cha kulala. Na wewe mzazi unayesoma hii, angalia boksi leo, ukiona "mg/h", yaani miligramu za ozoni kwa saa, ichomoe, fungua dirisha, na inhela ya mtoto uiweke karibu.

Mkaazi wa Donholm,
Nairobi