Pumzi ya kutuliza ina kanuni zake
Mhariri,

Mtu akiambiwa "vuta pumzi utulie", huvuta kwa nguvu, harakaharaka, kisha kichwa kinamzunguka na vidole vinaingia ganzi. Hapo hewa ya ukaa imepungua mno kwenye damu, na hofu inazidi.

Kazi iko kwenye kutoa pumzi. Keti, weka mkono tumboni. Vuta kwa pua ukihesabu sekunde 4, toa taratibu kwa sekunde 6, mabega yasipande. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Dakika 5 zinatosha, hata ndani ya daladala iliyokwama Ubungo, ilimradi simu imezimwa mlio (ikitetemeka mfukoni, kazi bure).

Ila usingizi ukikosekana wiki 2 mfululizo, nenda kituo cha afya. Mawazo ya kujidhuru hayangoji hata siku moja.

Wauguzi wa afya ya akili,
Dar es Salaam