YAH: MALALAMIKO KUHUSU SWICHI YA -settings ILIYOFUTWA NA FUNDI WENU

Meneja, Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mkataba wa matengenezo mnao, hatuna haja ya kuunukuu.

Fundi wenu aliingia kwa mbali kwenye kompyuta za kaunta ya Majengo, akafungua Properties za aikoni ya HALISI (ile ya kufungulia kanzidata halisi), akafuta swichi yote ya -settings, inayoiambia programu isome faili gani la mipangilio, na kusema imepona. Haikupona. Bila swichi hiyo, programu ya uhasibu ya Dynamics NAV husoma ClientUserSettings.config iliyo kwenye folda ya AppData ya kila mtumiaji wa Windows, na mafaili hayo ya makeshia wetu bado yanataja ServerInstance (jina la huduma ya seva) ya mafunzo, kama mlivyoyaacha wenyewe. Mauzo ya mafuta ya alizeti na mashudu yakaingia kanzidata ya mazoezi. Risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) zimetoka, leja ni tupu.

Mhasibu wetu alipopiga simu, fundi alimjibu: "Mama, hiyo programu si ya wauza mashudu." Akakata.

Na alichoitiwa hapo mwanzo kilikuwa kitu kidogo. Njia ya faili la halisi.config iliandikwa bila alama za nukuu, na folda ya "NAV Faili" ina nafasi katikati, hivyo njia ikakatika hapohapo. Kwenye aikoni za Kibaigwa kistari cha -settings kilikuwa kile kirefu, kwa sababu mwongozo wenu umechapwa kwenye Word, na Word hubadilisha vistari na nukuu. Mstari sahihi ni huu:

"C:\Program Files (x86)\Microsoft Dynamics NAV\100\RoleTailored Client\Microsoft.Dynamics.Nav.Client.exe" -settings:"C:\NAV Faili\halisi.config"

Swichi hukaa nje ya nukuu za kwanza; ikiwekwa ndani, Windows huikataa. Fundi anayelipwa anapaswa kulijua hili.

Tunarudia kuhusu ile simu, kwa heshima, ili isipite kimyakimya. Mhasibu amesimama kaunta, simu iko spika kwa kuwa mikono iko kwenye kibodi, wateja kwenye foleni wanasikia. Ameuliza swali moja tu: "Mbona -settings haipo?" Swali sahihi kabisa. Jibu likawa kwamba programu si ya wauza mashudu. Mtu aliyeharibu akamdhalilisha mbele za watu yule aliyegundua uharibifu.

Tunaomba aikoni zote za Majengo, Kibaigwa na Singida zirekebishwe, na kila halisi.config ihakikiwe: Server, ClientServicesPort 7046 na ServerInstance. Miamala ihamishiwe kanzidata halisi kwa tarehe zake na namba za risiti za EFD, bila malipo, kabla ya ritani ya VAT ya tarehe 20. Faini yoyote ya TRA itakayotokana na hili ni yenu.

Tunataka pia barua ya kumwomba radhi mhasibu, iliyosainiwa na mkurugenzi. Simu hatutaipokea. Na fundi huyo asiguse tena kompyuta zetu, hata kwa mbali.

Tarehe 20 ikipita hivi hivi, malipo ya matengenezo yatasimama, na jalada litakwenda kwa wakili na Tume ya Ushindani.

Idara ya Uhasibu,
Dodoma

Nakala: Wakili wa kampuni