Mpwa wangu anataka kuacha shule akakimbie

Ndugu mshauri,

Niko Nachingwea, nalima korosho na ufuta. Kwetu Wamwera shauri zito la mtoto humwangukia mjomba, ndiyo maana hili limeletwa kwangu wakati baba yake mzazi yupo, amekaa kimya anasubiri niseme.

Kijana yuko kidato cha tatu. Katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ya mwaka huu, ngazi ya mkoa, alishinda mita 100 na 200, zote peku. Akatokea bwana mmoja anayejiita kocha, anataka kumpeleka kambini Arusha mara moja. Na shule? Eti atamalizia mbele ya safari. Mtoto keshafunga begi.

Nikamketisha, nikampa habari za Frankie Fredericks, mkimbiaji wa mbio fupi wa Namibia, ambaye mimi nimempenda tangu ujana wangu. Alikulia Katutura, kitongoji walikosukumiwa watu weusi wa Windhoek enzi za ubaguzi. Mbio zikampa nafasi Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani. Akasoma kompyuta, akaongeza shahada ya pili ya biashara, na mbio hakuacha. Medali nne za fedha za Olimpiki: mbili Barcelona 1992, mbili Atlanta 1996. Ile ya mita 200 Atlanta inaniuma mpaka leo. Alikimbia sekunde 19.68, muda ambao ungempa dhahabu katika fainali yoyote ya Olimpiki zilizotangulia, ila siku hiyo mbele yake alikuwepo Michael Johnson, 19.32! Sydney 2000 akaikosa kwa jeraha. Lakini vyeti vyake havikuumia mguu.

Kijana akanijibu, "Shikamoo yako mjomba, lakini huyo ni wa fedha. Mimi nataka dhahabu. Bolt alikwenda chuo gani?"

Sikuwa na jibu papo hapo. Baadaye nikakumbuka kwamba hata Bolt alimaliza kwanza sekondari yake ya William Knibb, na Jamaika mbio zao zimelelewa na mashindano ya shule tangu 1910. Nikimwambia, anaona namtafutia sababu.

Linalonitia shaka zaidi ni hiyo Arusha yenyewe. Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980, na zote ni za mbio ndefu: mita 3000 za kuruka viunzi na maji, na mita 5000. Kule kaskazini wanajulikana kwa mbio hizohizo. Huyu wa mita 100 anakwenda kufundishwa na nani? Bwana yule nilipomuuliza alicheka tu, akabadili mazungumzo.

Nikikataa, najua atatoroka, na dada yangu atanilaumu mimi. Nikikubali bila masharti, nitakuwa nimemkabidhi mtoto kwa mtu nisiyemjua. Je, nimuulize nani kama huyu ni kocha kweli? Na upo utaratibu wa kijana wa mbio fupi kufanya mazoezi ya maana hapahapa Lindi mpaka amalize kidato cha nne? Jibu linatakiwa kabla shule hazijafunguliwa.

Mjomba mtu,
Nachingwea